Linazima Lini? Mwongozo wa Gari la Kabureta kwa Dereva wa Tabora

Gari la kabureta likianza kuzimika ovyo, mafundi wengi hukimbilia bisibisi. Skrubu ya mchanganyiko inazungushwa kushoto, inazungushwa kulia, boya linapindwa kidogo, na jioni gari linarudi nyumbani na ugonjwa wake wa asubuhi ukiwa umeongezewa mwingine. Mimi nasema kabureta ifunguliwe mwisho. Magari mengi yanayosingiziwa kabureta shida yake ni petroli isiyofika, petroli chafu, au moto wa plagi unaokatika. Utayajua hayo ukijiuliza swali moja kabla hujashika spana: gari linazima lini?

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi? Ukiachia mafuta kwenye makutano ya barabara? Baada ya nusu saa ya mwendo? Ukipanda mlima? Ukikanyaga breki? Au ukisimama kunywa chai, ukirudi linakataa? Na linapozima, linakata ghafla au linavutavuta kwanza? Andika majibu kwenye karatasi. Karatasi hiyo itakuokolea fedha kuliko spea yoyote utakayouziwa dukani.

Nazungumzia Land Rover Series III ya petroli, pikapu za Peugeot 504, Corolla KE70, Suzuki SJ410, Datsun za miaka ya 70 na 80. Magari ambayo bado unaweza kuyakuta yakibeba mbolea, mizinga ya nyuki na tumbaku kwenye barabara za Urambo, Kaliua na Sikonge. Gari la EFI lina mambo yake na halihusiki hapa.

Njia na hewa yake

Barabara zetu za magharibi zinafuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara: kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, kisha Uvinza na Ujiji. Wapelelezi Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857 wakiwa na siku 134 tangu watoke pwani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Leo dereva anatoka Dar es Salaam alfajiri na usiku yuko Tabora, na hapo ndipo injini inapoanza kulalamika, kwa sababu imepandishwa kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,200 hivi kwa siku moja.

Kule juu hewa ni nyepesi kwa asilimia 11 hivi kuliko ya pwani. Kabureta haina kifaa cha kulitambua hilo. Inaendelea kutoa petroli karibu ileile, hivyo mchanganyiko unazidiwa mafuta kwa asilimia 5 au 6. Injini ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Ikizidishiwa petroli, plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi, sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inashuka, gari linatetemeka likisimama, mwishowe linazima. Mgeni akifika Tabora na dalili hizo na gari lake lilikuwa zima Dar es Salaam, asiuziwe kabureta. Nitaeleza mbele namna ya kulirekebisha.

Ukielekea Kigoma mambo yanageuka. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, kwa hiyo gari lililosetiwa Tabora linashuka kwenye hewa nzito na mchanganyiko unakosa mafuta kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo, injini nzima huivumilia. Iliyokuwa imekaukiwa tangu mwanzo ndiyo itakayoanza kupiga chafya kwenye kabureta kila ukikanyaga mafuta.

Kipimo cha kwanza: moto au petroli

Gari limezima, halitaki kuwaka. Usipige stati mpaka betri ife. Vipimo viwili vifuatavyo vifanyike palepale lilipozimia, wakati ugonjwa bado upo. Ukilivuta hadi gereji, likapoa, litawaka vizuri na fundi atakuambia halina kitu.

Zima swichi, fungua boneti, toa kifuniko cha ea klina. Tazama ndani ya koo la kabureta, kisha vuta mkono wa eksileta kwa kidole mara moja kwa nguvu. Petroli ikiruka mchirizi mwembamba, bakuli lina mafuta na shida yako iko kwenye moto. Isiporuka hata tone, bakuli ni kavu: tafuta nyuma, kwenye pampu, chujio, bomba au tangi. Kabureta za aina ya SU hazina pampu ndogo inayorusha mchirizi huo. Kwa hizo chomoa mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, na mwambie mwenzako apige stati kidogo uone kama mafuta yanakuja kwa nguvu. Sigara izimwe, na uso wa mtu usiwe juu ya koo la kabureta mwingine akipiga stati, kwa sababu injini inaweza kurudisha moto huko.

Kipimo cha pili ni cha moto. Kwanza rudisha mpira, funika kabureta, futa petroli yoyote iliyomwagika. Chomoa waya mkubwa wa katikati kwenye kofia ya distribyuta, ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake ikae milimita 5 au 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Stati ikipigwa unataka kuona cheche ya bluu inayolia kwa sauti. Cheche nyekundu na dhaifu, au kutokuwepo kabisa, kunakupeleka kwenye koili, kondensa na pointi. Cheche nzuri hapo lakini plagi hazina moto, basi angalia kofia, rota na waya za plagi.

Kuna jambo la tatu ambalo halihitaji hata spana. Gari likiwaka wakati ufunguo uko kwenye stati, likazima pale tu unapouachia, shida iko kwenye swichi ya ufunguo au kwenye rizista ya koili iliyokatika. Wakati wa stati koili hupata umeme kwa njia ya pembeni. Ukiachia, umeme unatakiwa upite kwenye rizista hiyo. Nimeona kabureta nzima zikibadilishwa kwa ajili ya rizista hii.

Likishapata joto

Hapa ndipo penye kesi nyingi zaidi, hasa Oktoba, mwezi wa joto kali kuliko yote Tabora, mvua ikiwa bado haijaanza. Gari linakwenda vizuri nusu saa, linazima, unasubiri dakika 20, linawaka. Magonjwa manne tofauti yanatoa dalili hiyo moja. Kuyatenganisha si kugumu.

Anza na namna lilivyokata. Koili ikichoka kwa joto, injini inakata mara moja, sawa na mtu aliyezima ufunguo. Hakuna kuvutavuta. Iguse: ya moto kidogo ni kawaida, ya kuchoma vidole si kawaida. Funga koili nyingine, hata ya gari la jirani yenye voti zilezile na matumizi sawa ya rizista, uende nayo siku nzima. Hakuna kipimo cha koili kinachozidi hicho. Kama una mita, nyaya ndogo mbili za koili isiyotumia rizista husoma ohmu 3 hivi, na ya rizista ohmu 1.5 hivi, lakini koili inayokufa kwa joto mara nyingi ikipoa inasoma sawasawa, kwa hiyo mita isikudanganye.

Kondensa ikianza kufa, gari linamisi, linapiga mshindo kwenye eksozi, linakosa nguvu, ndipo linazima. Fungua kofia ya distribyuta uangalie pointi zikifunguka na kufunga: cheche kubwa kati yake, au nyuso zilizoungua na kuwa za bluu, zinaonyesha kondensa mbovu. Usisugue pointi kwa msasa ukaacha kondensa ileile. Zitaungua tena kabla hujafika Nzega. Ukiweka mpya, nafasi yake iwe milimita 0.45 kwa Corolla za K, na 0.35 hadi 0.40 kwa Land Rover ya 2.25. Wapo wanaopima kwa kipande cha msumeno wa chuma. Msumeno huo una unene wa milimita 0.6 na zaidi, ni mkubwa mno. Fila geji ni kifaa kidogo na hukaa miaka; nunua.

Ugonjwa wa tatu ni petroli kuchemka njiani. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 za joto, na kwenye mwinuko wetu inachemka mapema kidogo kuliko pwani. Magari haya yana pampu inayoendeshwa na injini, iliyofungwa kwenye ubavu wake, na bomba lake mara nyingi linapita karibu na eksozi. Mvuke ukijaa kwenye pampu, haiwezi kusukuma. Gari halikati ghafla: linavutavuta, linapungua nguvu, linapona ukipunguza mwendo, kisha linakufa. Mahali penyewe pa kuuonea ugonjwa huu ni kwenye kupanda mlima Sekenke, ukitokea Igunga kwenda Singida, mchana, gari limebeba, mwendo mdogo, hewa ya kupoza injini ni chache. Chujio la plastiki linaloonyesha ndani litakuwa na mapovu au liko tupu.

Lowesha kitambaa, kifunge kwenye pampu na bomba, subiri dakika chache. Likiwaka, umepata jibu, na dawa si kitambaa. Sogeza bomba mbali na eksozi, lifunike kwa mpira wa kuzuia joto, rudisha bati la kukinga joto ambalo karibu kila fundi akilifungua halirudishi. Angalia pia kama chini ya kabureta kuna kile kipande kinene cha plastiki ngumu kati yake na manifodi. Kazi yake ni kuzuia joto lisipande, na wengi wamekivunja wakaweka gasketi ya karatasi mahali pake. Ukiamua kufunga pampu ya umeme karibu na tangi, itafute ya kabureta, yenye mgandamizo wa baa 0.2 hadi 0.3. Pampu iliyotolewa kwenye gari la EFI inasukuma karibu baa 3; itaishinda sindano ya bakuli na petroli itamwagika juu ya injini ya moto. Magari yameungua kwa sababu hiyo.

Ndugu yake ni tatizo la kusimama. Unaegesha Nzega kula chakula, ukirudi baada ya robo saa linapiga stati tu, na harufu ya petroli imejaa. Hapo petroli imechemka ndani ya bakuli na kumwagika kwenye manifodi, injini imezama kwa mafuta. Usipampu eksileta. Ikanyage mpaka chini, ishikilie hapo bila kuiachia, piga stati sekunde kadhaa. Likishika, liache lipige resi kidogo lijisafishe.

Ugonjwa wa nne ni wa aibu, kwa sababu ni kifuniko cha tangi. Petroli ikitoka lazima hewa iingie. Kifuniko cha asili kina tundu dogo. Kikipotea, watu wanaziba kwa gunia na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira (mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini kwenye mdomo wa tangi bado unaikuta). Gari linakwenda mpaka tangi livute vakyumu na pampu ishindwe. Likizima, fungua kifuniko usikilize: ukisikia hewa ikifyonzwa kwa nguvu, safari yako ya fundi imekwisha. Magari mengine yana mpira mwembamba wa pumzi juu ya tangi, na gari likikaa muda mrefu chini ya mwembe nyigu wanaweza kujenga udongo ndani yake. Upulize.

Likiachiwa mafuta

Ukikanyaga linakwenda, ukiachia linazima. Dalili hii inasema jeti kuu ni nzima, shida iko kwenye njia ndogo inayolisha sailensi, au kuna hewa ya wizi inayoingia chini ya kabureta.

Anza na solenoidi, kile kidude chenye waya mmoja kilichofungwa ubavuni mwa kabureta nyingi za Kijapani. Washa swichi bila kupiga stati, chomoa waya wake na uurudishe: lazima kilie tik. Kisipolia, pima kama umeme unafika. Mara nyingi ni waya uliolegea tu. Mafundi wengine huikata sindano ya ndani ili isizibe tena. Inafanya kazi, lakini baadaye injini inaweza kuendelea kugonga hata ukizima ufunguo.

Kisha hewa ya wizi. Injini ikiwa inanguruma, dondoshea maji kidogo kuzunguka kitako cha kabureta, kwenye gasketi ya manifodi na kwenye kila mpira wa vakyumu. Injini ikibadilika sauti ukifika mahali fulani, hapo ndipo panapovuta. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii, kwenye injini ya moto. Usiwaige. Mpira mmoja uliopasuka unaweza kugharimu senti chache na kumsumbua mtu mwaka mzima. Shika pia shafti ya eksileta kwenye kabureta uitikise; ikicheza sana, kabureta imechakaa kweli, na hakuna skrubu itakayoiponya.

Kama gari linazima hasa ukikanyaga breki, bana ule mpira mnene unaotoka manifodi kwenda kwenye busta ya breki, gari likiwa limesimama na mawe yamewekwa kwenye matairi. Sailensi ikitulia, busta imetoboka ndani. Hiyo si kesi ya kuzimika tu, ni kesi ya breki. Lisitembee mpaka itengenezwe.

Jeti ya sailensi ikiziba, ipulizwe kwa kompresa. Usiichokonoe kwa waya. Tundu lake ni dogo kuliko milimita moja na ukilipanua hata kidogo gari litakunywa petroli mpaka uikome kabureta hiyo.

Asubuhi likiwa la baridi

Usiku wa Juni na Julai Tabora huwa na baridi ya kutosha kudai choki. Gari linalowaka kisha kufa mara kwa mara alfajiri, angalia kama waya wa choki unafunga kilango chote. Linalozima unapoondoka tu, ukikanyaga eksileta, diaframu ya pampu ndogo imekauka. Ile inayorusha mchirizi kwenye kipimo cha kwanza. Kiti ya ripea ina diaframu hiyo. Na choki iliyonasa ikiwa imefunga mchana kutwa inatoa moshi mweusi na kuzima sailensi. Watu hudhani ni boya.

Petroli ya galoni

Nje ya mji petroli nyingi hununuliwa kwenye galoni na chupa za wauza mafuta ya bodaboda. Si wote wanaochakachua, lakini galoni lenyewe lina historia yake. Tabora ni nchi ya asali, na galoni la asali lisilosafishwa likitiwa petroli, asali haiyeyuki humo. Inazama chini na kuishia kwenye chujio. Maji nayo yanazama. Jaza petroli kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache dakika 10, itazame kwenye mwanga: maji yatajipanga chini kwa mstari. Kwa mafuta ya taa dondoshea tone kwenye karatasi safi. Petroli inakauka bila kuacha kitu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha doa la mafuta.

Gari linalozima kwa uchafu lina tabia yake. Linakosa nguvu kwenye mwendo mkubwa, likisimama dakika mbili linapona, kwa sababu uchafu unaovutwa kwenye mdomo wa bomba tangini unaanguka. Likirudia, usibadilishe chujio peke yake. Shusha tangi, lioshe, toa kutu. Tangi la chuma lililokaa nusu tupu misimu kadhaa ya mvua lina kutu ndani. Chujio utakalofunga leo litajaa tena kesho kutwa.

Barabara ya mashimo

Likizima kwenye mashimo tu, usiguse kabureta kabisa. Tikisa vichwa vya betri, waya wa athi, waya za koili, huku injini ikiwaka. Fungua distribyuta uangalie kile kiwaya chembamba kinachounganisha sahani ya ndani: sahani inazunguka kidogo kila ukikanyaga mafuta, na baada ya miaka 40 kiwaya hicho kinakatika ndani ya ganda lake bila kuonekana. Kivute taratibu, kikinyooka kwa urefu usio wa kawaida, kimekufa.

Injini yenyewe

Kuna wakati yote yamepimwa na gari bado linazima sailensi likishapata joto. Pima valvu. Injini za zamani zilijengwa kwa petroli yenye risasi, iliyokuwa ikilinda viti vya valvu. Nchi za kusini mwa Jangwa la Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na tangu hapo injini zenye viti laini zinalika polepole: valvu inazama, nafasi ya tepeti inakwisha, valvu haifungi vizuri ikipata joto, kompresheni inapotea. Land Rover ya 2.25 inataka milimita 0.25. Anayeendesha mizigo kwa mwendo mkubwa na apime mara nyingi zaidi.

Kuiseti Tabora

Sasa ndiyo bisibisi. Plagi zimeangaliwa, hewa ya wizi hakuna, chujio safi, ea klina imepulizwa vumbi na kurudishwa mahali pake. Injini iwe na joto la kazi, choki wazi.

Kwanza ifunge skrubu ya mchanganyiko taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, bila kuikaza. Ukiikaza ncha yake inaharibika. Andika idadi hiyo, irudishe palepale ilipokuwa. Ukipotea njia utajua pa kurudi. Washa injini, weka sailensi mizunguko 750 hivi kwa dakika. Funga skrubu robo kwa robo mpaka injini ianze kuyumba, kisha ifungue mpaka ingurume laini na kwa kasi kuliko zote. Sailensi ikiwa imepanda, ishushe kwa skrubu yake, rudia mara moja. Kwa gari lililotoka pwani utamaliza ukiwa umefunga kidogo kuliko ilivyokuja. Jeti kuu iache. Kwa tofauti ya mwinuko huu haihitaji kubadilishwa. Angalia tu kwamba aina ya kabureta yako inapunguza mafuta ukifunga, kwa sababu chache hufanya kinyume.

Endesha kilomita 20, toa plagi. Rangi ya udongo wa kahawia ni nzuri. Nyeusi kavu ni mafuta mengi. Nyeupe ni mafuta machache au hewa ya wizi uliyoikosa.

Cha kubeba

Kutoka Tabora hadi Nyahua ni kilomita 85, na kutoka Nyahua hadi Chaya nyingine 85, sehemu kubwa ni pori. Ni upande ule ambao wapagazi waliuogopa kwa kiu na kuuita Mgunda Mkali. Lami imeupunguzia ukali, lakini koili haijaanza kuota kwenye miti. Bebeni pointi na kondensa, rota, koili moja iliyojaribiwa, machujio mawili ya plastiki, mita moja ya mpira wa petroli na klipu zake, plagi mbili, fila geji, kitambaa, na maji mengi kuliko mnayodhani mtayanywa. Kiti ya kabureta iacheni nyumbani; kabureta haifunguliwi kando ya barabara kwenye vumbi, skrubu zake zikianguka kwenye mchanga hamtazipata.

Na pointi na kondensa mpya zifungeni kwenye gari mkiwa bado mjini, mwende nazo siku mbili, zile za zamani zilizokuwa zikifanya kazi ndizo ziwekwe kwenye boksi la akiba. Kondensa mpya iliyo mbovu ni jambo la kawaida siku hizi, na afadhali uligundue jirani na duka ulilonunulia.